Walimu wa muziki wa vyuo vya jamii Marekani wametokea wapi, na je, ni lazima uwe na PhD?

Swali la msomaji: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mtanzania, naishi Garland, Texas. Nilikuja kwa green card ya bahati nasibu. Nina shahada ya muziki ya Makumira, Arusha, na naongoza kwaya ya Kiswahili kanisani kwetu. Kazi yangu ya mshahara ni ya usiku, kupanga mizigo ghalani. Natamani sana kufundisha muziki kwenye chuo cha jamii, hivi vya miaka miwili. Rafiki yangu ananiambia bila PhD nisijisumbue. Wale walimu wametokea wapi, walisoma nini, na mimi nianzie wapi?"

Marahaba, ndugu yangu. Rafiki yako anakutakia mema, lakini kwenye hili amekosea, na nakuomba usichukue hatua yoyote kwa ushauri huo. Nimewaona Waafrika wenzetu wakijifunga kwenye masomo ya udaktari wa muziki kwa miaka mingi, na madeni juu yake, kwa kuamini kwamba chuo cha jamii hakitawatazama bila ile karatasi. Walichohitaji ni shahada ya uzamili, masta, pamoja na uwezo wa kusimama mbele ya watu wazima ishirini wasiojua nota hata moja na kuwafikisha mahali.

Ili uelewe kwa nini, tazama vyuo hivi ni vya nani. Chuo kikongwe kuliko vyote vya umma vya aina hii, Joliet Junior College cha Illinois, kilianza mwaka 1901, na leo nchi nzima ina kama elfu moja. Ni vyuo vya miaka miwili, ada yake ni ndogo, na mlango uko wazi: mtu haimbi wala hapigi ala mbele ya kamati ndipo akubaliwe. Kwenye darasa moja la nadharia ya muziki utamkuta kijana wa miaka 18 anayepiga gitaa kwa kusikia tu, mama aliyestaafu, na muuguzi aliyetoka zamu ya usiku. Wengine watahamia chuo kikuu kumalizia miaka miwili iliyobaki, wengine wanataka kujua muziki tu. Chuo cha namna hii hakiishi kwa utafiti. Mwalimu hapimwi kwa makala alizochapisha, anapimwa kwa wanafunzi wake.

Sasa sharti lenyewe. Texas iko chini ya shirika la ithibati la SACSCOC, linalosimamia vyuo vya majimbo ya kusini. Kwa masomo ambayo mwanafunzi anaweza kuhama nayo kwenda chuo kikuu, mwongozo wake unataka mwalimu awe na uzamili au uzamivu katika fani anayofundisha, au awe na uzamili wa fani nyingine pamoja na krediti zisizopungua 18 za ngazi hiyo ndani ya fani anayofundisha. Udaktari haujatajwa kama lazima. Kwa masomo ya ufundi yasiyohamishika, kama kurekodi sauti, masharti ni mepesi zaidi na uzoefu wa kazi unapewa uzito.

Kwenye zile krediti 18 ndipo watu wetu huumia, kwa hiyo soma hapa taratibu. Mtu anachukua masta ya elimu kwa sababu ni ya mtandaoni, ni ya haraka na haina mtihani wa kupiga ala. Anapomaliza anakuta karatasi yake ya matokeo imejaa masomo yenye alama ya idara ya elimu, na ya muziki ni mawili au matatu. Karani anayekagua faili lake hatazami jina la shahada peke yake. Anahesabu masomo yaliyotolewa na idara ya muziki. Yakipungua, faili linawekwa pembeni, hata kama mwenye faili ameongoza kwaya maisha yake yote. Masta ya elimu ya muziki inayotolewa na shule ya muziki yenyewe kwa kawaida haina tatizo hilo, lakini usiende kwa jina. Omba orodha ya masomo, uyahesabu mwenyewe kabla hujalipa hata senti. Vyeti vya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, kama unavyo, vitaje kwenye wasifu wako kwa sababu vinaonyesha nidhamu, ila hata daraja la nane halihesabiwi kwenye hizo 18.

Majimbo hayafanani. California, yenye vyuo vya jamii zaidi ya 110, ilipitisha sheria mwaka 1988 iliyoweka viwango vya chini vya jimbo zima. Kwa muziki wa kawaida wanataka uzamili wa muziki, au shahada ya kwanza ya muziki pamoja na uzamili katika taaluma za sanaa na utu. Lakini muziki wa biashara, yaani studio, soko na bendi, uko kwenye orodha ya fani ambazo masta haitarajiwi: shahada yoyote ya kwanza na uzoefu wa kazi wa miaka miwili inatosha, au stashahada na miaka sita. Ukisikia mtu wa Los Angeles anafundisha bila masta, huenda hajadanganya. Yuko kwenye fani nyingine, kwenye jimbo lingine.

Nije kwenye swali lako la wametokea wapi. Wengi uliowaona wakiongoza bendi na kwaya za vyuo hivi walianza kama walimu wa sekondari. Texas hasa, ambako bendi ya shule ni jambo la wilaya nzima, mtu hufundisha sekondari miaka kumi au zaidi, huku anachukua masta wakati wa likizo za kiangazi, ndipo anahamia chuoni. Hawa wanajua kusimamia chumba. Wanajua kupanga ratiba ya matamasha, kutafuta basi, kuongea na mzazi aliyekasirika. Kamati za ajira zinawapenda kwa sababu hiyo, nami naona zina haki.

Kundi la pili ni wenye udaktari wa utumbuizaji, unaoitwa DMA. Walilenga vyuo vikuu, na nafasi za huko ni chache mno kuliko wanaohitimu, kwa hiyo wanashuka kuomba kwenye vyuo vya jamii. Huenda huku ndiko rafiki yako alikopata maneno yake, maana ukitazama kurasa za idara utawaona madaktari wengi. Wako pale kwa wingi wao sokoni, wala sharti halisemi wawepo. Baadhi yao ni walimu bora kabisa. Nimekaa kwenye kamati ya ajira ambapo mwombaji mmoja wa namna hii alipiga piano kwa dakika kumi mpaka tukasahau kuandika. Kisha akaulizwa angemwanzaje mwanafunzi mwenye umri wa miaka hamsini asiyejua mstari wa nota ni nini, na alichojibu kilikuwa jina la kitabu cha kiada. Kazi ile haikwenda kwake.

Kundi la tatu ndilo ninalotaka ulitafakari, kwa sababu ni watu waliotoka jukwaani na kazini, wakaenda kutafuta karatasi wakiwa wakubwa. Mfano ninaowapa wote wanaoniuliza ni Yusef Lateef, mwanamuziki wa jazi wa Marekani. Alizaliwa mwaka 1920, akakulia Detroit, na kufikia 1949 alikuwa kwenye bendi ya Dizzy Gillespie, mpiga tarumbeta maarufu wa jazi. Saksafoni, filimbi, obo, vyote alivipiga kwa kiwango cha dunia. Hata hivyo, miaka ya 1950 alirudi Detroit akafanya kazi kwenye kiwanda cha magari cha Chrysler huku akipiga muziki usiku na kusoma. Shahada ya kwanza ya muziki aliipata Manhattan School of Music mwaka 1969, akikaribia miaka 50, na ya uzamili mwaka uliofuata, 1970. Kuanzia 1972 hadi 1976 alikuwa profesa mshiriki wa muziki katika Borough of Manhattan Community College, chuo cha jamii cha mji wa New York. Udaktari wake wa elimu, kutoka Chuo Kikuu cha Massachusetts, ulikuja mwaka 1975, akiwa tayari anafundisha. Baadaye, miaka ya 1980, alikwenda Nigeria kufanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello, Zaria.

Angalia mpangilio wa maisha hayo. Muziki ulitangulia, kiwanda kikaja katikati, masta ikafungua mlango wa chuo, na udaktari ukafuata mtu akiwa ameshaajiriwa. Na masta yake ilikuwa ya elimu ya muziki, ila kutoka shule ya muziki, jambo lile lile nililokuambia kuhusu kuhesabu masomo. Kazi ya ghala unayoifanya usiku si doa kwenye historia yako. Kamati yenye akili inajua wanamuziki wanakula nini.

Kuna mwingine aliyekulia mji ule ule unaoishi karibu nao. Bobby Bradford, mpiga koneti, alikulia Dallas, akapata shahada ya muziki Huston-Tillotson ya Austin mwaka 1959, akapiga na Ornette Coleman, mpiga saksafoni maarufu wa jazi, kisha akafundisha historia ya jazi kwa miongo kadhaa Pasadena City College, chuo cha jamii cha California. Na huko huko Texas, mji mdogo wa Levelland una South Plains College, kinachojulikana tangu miaka ya 1970 kwa kufundisha muziki wa kantri na bluegrass. Chuo cha namna hiyo hakiwezi kuendeshwa na watu wa maktaba peke yao. Kinahitaji watu waliopiga kwenye bendi wakalipwa. Ongeza wastaafu wa bendi za jeshi, maana jeshi la Marekani ni miongoni mwa waajiri wakubwa wa wanamuziki nchini, na wapiga ogani na viongozi wa kwaya za makanisa, ambao Jumapili wako madhabahuni na Jumatatu wako darasani. Hao wa mwisho ni wengi kuliko watu wanavyodhani.

Lakini nisikufiche upande mgumu. Takriban theluthi mbili ya walimu wa vyuo vya jamii Marekani ni wa muda. Wanalipwa kwa somo, kwa muhula, na malipo ya somo moja mara nyingi ni dola elfu chache tu. Bima ya afya mara nyingi hakuna. California inakataza mwalimu wa muda kupewa zaidi ya asilimia 67 ya mzigo wa mwajiriwa kamili ndani ya wilaya moja ya vyuo, kwa hiyo anayetaka kuishi kwa kazi hiyo hukimbia vyuo viwili au vitatu, kinanda cha mkononi kwenye buti na chakula cha mchana kwenye usukani. Kwenye muziki kuna uchungu wa ziada: vyuo vingi huhesabu saa moja ya kwaya au ya somo la mtu mmoja mmoja kuwa ndogo kuliko saa ya mhadhara. Unaweza kuwa chuoni siku nzima na kwenye karatasi ukaonekana umefanya nusu.

Mwajiriwa kamili anaishi tofauti. Mzigo wa kawaida ni krediti 15 kwa muhula, yaani kama masomo matano, mzito kuliko wa chuo kikuu, lakini kuna mshahara, bima na pensheni. Nafasi hizo hazijitokezi mara nyingi, na zikitangazwa huandikwa kwa mchanganyiko: kwaya, sauti na historia ya muziki kwa wasio wanamuziki, au piano, nadharia na teknolojia. Idara nyingi zina waajiriwa kamili wawili au watatu tu, basi kila mmoja lazima abebe vitu kadhaa. Anayejua kitu kimoja kwa kina kikubwa hupitwa na anayejua vitatu kwa kiwango kizuri. Ndiyo maana udaktari wa ala moja hauwapi watu uhakika waliodhani wanaununua.

Na wewe una nini mkononi? Umeongoza kwaya ya Kiswahili, na bila shaka umefundisha sauti nne kwa solfa, kwa watu ambao hawajawahi kusoma mistari mitano. Hujui jinsi hilo lilivyo na thamani huku. Masomo ya mazoezi ya sikio katika vyuo vingi vya Marekani yanafundishwa kwa solfa hiyo hiyo yenye do inayohama kufuata ufunguo wa wimbo, pamoja na ishara za mikono za Curwen, Mwingereza aliyeeneza solfa. Wenzako wengi waliosoma hapa walikutana na solfa wakiwa chuoni tayari. Wewe umekua nayo. Jihadhari na jambo moja tu. Sisi tukiimba kwenye minor, ile ngazi yenye sauti ya huzuni, tunaanzia la, kama vitabu vya wamisionari vilivyotufundisha. Vyuo vingi vya hapa minor yao inaanzia do, na ngazi inakuwa do, re, me, fa, sol, le, te, do, ambapo me, le na te ni mi, la na ti zilizoshushwa nusu toni. Siku ya usaili ukipewa wimbo wa minor na ukaimba kutoka la bila maelezo, mtu anaweza kudhani umepotea. Jifunze zote mbili, useme unaitumia ipi na kwa nini. Hapo utakuwa umewaonyesha kitu ambacho waombaji wengi hawawezi.

Kitu kingine nakisema kwa uzito. Watakapokuona jina na nchi, wapo watakaokupa haraka somo la muziki wa dunia au kikundi cha ngoma, na kukuachia hapo. Lipokee kama nyongeza, kwa furaha, maana ni letu na linahitaji mtu anayelijua. Hapo Denton, karibu nawe, Chuo Kikuu cha North Texas kimekuwa na Gideon Foli Alorwoyie, bingwa wa ngoma kutoka Ghana, na kazi yake imeheshimika sana. Lakini chuo cha jamii kinaishi kwa masomo ya kawaida: nadharia, piano ya darasa, kwaya, historia ya muziki kwa wote. Asiye na hayo ndiye wa kwanza kupunguzwa bajeti inapobana. Ingia kwa nadharia na kwaya, ngoma ije juu yake.

Basi uanzie wapi? Karatasi kwanza. Agiza Makumira wakutumie matokeo yako rasmi, kisha uyafanyishe tathmini ya somo kwa somo kwenye kampuni iliyo mwanachama wa NACES, chama cha kampuni za Marekani zinazotathmini vyeti vya nje. WES ni mojawapo inayojulikana. Shahada zetu nyingi za Tanzania ni za miaka mitatu, na baadhi ya vyuo vikuu vya Marekani husita kuzilinganisha na za hapa za miaka minne. Kwa hiyo peleka pia cheti chako cha Kidato cha Sita, na uulize idara ya muziki moja kwa moja kabla ya kulipa ada ya maombi.

Halafu tafuta masta yenye usaidizi wa ufundishaji. Ukipewa, chuo kikuu hupunguza au kusamehe ada na kukulipa posho, nawe unafundisha madarasa ya mwaka wa kwanza ya nadharia, sikio au piano. Ndiyo njia bora kuliko zote, kwa sababu unatoka na krediti na pia na uzoefu wa darasa la chuo. Utafanyiwa usaili wa sauti au ala, na ukifika utapewa mtihani wa kupima nadharia na historia ya muziki wa Ulaya, tangu nyimbo za watawa wa zama za kati mpaka karne ya 20. Historia hii ndiyo inayowaangusha wengi waliosoma kwetu. Ukishindwa unarudishwa masomo ya marudio yasiyohesabiwa kwenye shahada. Anza kuisoma sasa, ukiwa njiani kwenda kazini.

Usingoje masta ili ujulikane. Vyuo vingi vya jamii vina kwaya ya jioni inayopokea wakazi wa eneo. Jiandikishe muhula ujao kwenye iliyo karibu, uimbe, umsaidie kiongozi kufundisha sauti ya tenor au bass akihitaji. Walimu wa muda huku huajiriwa na mkuu wa idara, na mkuu wa idara humpigia simu mtu aliyemwona akifanya kazi. Ukiwa na masta, au krediti zako 18, acha maombi kwenye kapu la walimu wa muda la kila chuo kinachofikika kwa gari lako, kisha andika barua fupi mwezi wa saba na wa nane. Wakati huo mwalimu fulani amepata kazi kwingine, darasa limejaa, na wiki moja imebaki. Watu wengi ninaowajua kwenye kazi hii waliingia kwa mlango huo.

Ukiitwa kwenye usaili watakutaka ufundishe somo la dakika kama kumi na tano mbele ya kamati. Wengi huhutubia. Wewe wasimamishe, uwaimbishe, kosa litokee, ulisahihishe mbele yao bila kumwaibisha mtu, kama unavyofanya na kwaya yako.

Kuna kitu hukukitaja, nacho naomba unijibu: piano yako ikoje? Piano ya darasa, ile ya vinanda vya umeme vilivyopangwa safu na kila mwanafunzi na vipokea sauti vyake, ni somo linalohitaji walimu wa muda kila muhula. Ukiweza kupiga wimbo wowote wa kitabu cha nyimbo za Kilutheri kwa sauti nne, na kuuhamisha toni moja juu au chini bila kusimama, niandikie, nitakuonyesha matangazo gani ya kusoma kwanza. Kama bado huwezi, weka nusu saa ya piano kila siku kabla ya zamu, na uanze na nyimbo ambazo kwaya yako inaziimba tayari.